Kitoweo cha Chatu wa Mfalme

Mwaka ule jua liliipiga nyika hadi mito ikabaki mchanga mtupu. Hata hivyo, kila siku kaya moja ilitakiwa kupeleka kitoweo ikulu kwa ajili ya Chatu, kipenzi cha Mfalme Simba. Na mlishaji aliyeteuliwa alikuwa nani? Fisi! Sungura alipopata habari hizo alicheka kwanza, kisha akakasirika.

Siku moja Kanga alimjia akilia. "Shoga, kesho ni zamu yangu. Nimebakiwa na kifaranga mmoja tu!"

"Futa machozi. Chatu gani huyo wa kula kila siku? Akimeza mara moja, hujilalia wiki na wiki!"

Sungura akafunga safari hadi ikulu. Huko akamkuta Chatu hoi. Uti wa mgongo wa Chatu ulichongoka kama paa la nyumba, na macho yake yalikuwa meupe kama tui. Alijaribu kusema, ikatoka pumzi tu. Kando yake Fisi aling'aa, kitambi mbele.

"Shikamoo, Mfalme. Mbona Chatu amekonda hivi?"

"Marahaba. Amekonda nini?" Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Fisi ameniambia chatu wa kifalme ndivyo walivyo, wembamba."

"Tena anakula huyo!" Fisi akadakia. "Leo asubuhi kameza jogoo, akanikazia macho akitaka wa pili."

"Kwa macho yapi, kaka? Hayo yenye ukungu? Chatu anajivua gamba, na nyoka anayejivua haoni vizuri wala hali. Kama naongopa, aletwe jogoo hapa."

Jogoo akachinjwa, akawekwa. Chatu akageuza uso. Baraza zima likasogea kutazama. Mara ikasikika sauti ya mate yakimezwa: kudu! Fisi akatazama juu, akakuna sikio, akajiuma ulimi. Wapi! Alimrukia jogoo, akamla na manyoya yake, mbele ya watu.

"Haya," akasema Sungura, "mlaji ndiye huyo."

Simba alinguruma kwa aibu, na Fisi akatoka mbio bila kuaga. Chatu alipokwisha kujivua alipewa windo moja, nene kama kiuno chake, akaachwa apumzike hadi mwezi mwingine ulipoandama. Mgongo ukajaa, wala hakunenepeana. Kifaranga wa Kanga naye alikua, akawa na kelele kumshinda mama yake.

Njia ya mwongo ni fupi.