Jina la Shule ya Isunje

Hapo zamani, watoto wa Isunje walipokuwa wakivuka pori zima kwenda kusoma, kijiji kililetewa habari: afisa wa elimu anakuja kuhesabu watu na kuuliza wanaishije. Watoto wakitosha, shule itajengwa.

Mwenyekiti wa kijiji, mama mmoja machachari aitwaye Nyamizi, alifurahi kupita kiasi. Lakini uvumi una mbio kuliko mwenyekiti. Watu wakanong'onezana, "Hesabu hiyo ni ya kodi!" Basi afisa alipofika, akakuta wazee watupu. Watoto wamo maghalani, mbuzi wamo uvunguni.

"Mnaishi kwa kazi gani?"

"Kwa rehema za Mungu."

"Mna mifugo?"

"Hatuna hata kuku," akaapa mzee mmoja, na uvunguni mwake mbuzi akaitikia, "Meee!"

Nyamizi alitamani ardhi immeze. Afisa alikwisha kupanda baiskeli yake, ndipo Kabula, mpika togwa, akatoka na wanawe wote, mbuzi wakimfuata nyuma. "Hawa wangu, na hawa wangu! Kodi ikija, nianze kutozwa mimi!"

Kuona hivyo, maghala yakafunguka. Watoto wakamiminika kama kumbikumbi. Wakahesabiwa. Hawakutosha.

Siku hiyo Masanja mfugaji alikuwa anahama, maana nyasi zilikwisha. Nyamizi akamkimbilia njiani, kitenge kikimvuka. "Baba, wanao wangetutosheleza!"

"Lakini anayehesabiwa ni mkazi, si mpita njia," afisa akaonya.

Masanja akatazama ng'ombe, akatazama wanawe, akageuza mkokoteni. Alikaa mpaka mvua iliponyesha. Ng'ombe wakabaki mbavu, na fahali wake kipenzi, ambaye Masanja alimwimbia kila asubuhi, akafa.

Idadi ikatimia. Sasa, pa kujenga? Isunje ni mawe matupu. Tambarare ilikuwa moja tu, msitu wa Mlekwa, mrina asali. Mlekwa hakujaliwa hata mtoto mmoja. Hata hivyo akateremsha mizinga yake na kuikata miti kwa mkono wake mwenyewe.

Shule ikasimama. Afisa akasema, "Ipeni jina la mtu mmoja. Mkishindwa kabla sijarudi, nitaiita Ulemo, kama kijiji jirani."

Ulemo! Wale wanaowacheka watu wa Isunje kila gulio!

"Bila mimi, watoto wangekuwa bado wanapiga chafya kwenye mtama," akasema Kabula.

"Uliwatoa, hawakutosha," akasema Masanja. "Waliotosheleza ni wangu. Nani mwingine hapa aliyefiwa?"

Mlekwa akakohoa. "Ninyi mlitoa kwa ajili ya wanenu. Mimi nilitoa kwa ajili ya nani?"

Nyamizi akainua brashi ya kuandikia jina ukutani, akaishusha, akaiinua tena. Rangi ikamdondokea miguuni, na afisa huyo anakuja, kengele ya baiskeli inasikika kilimani.

Haya, ninyi mnaotafuna karanga zangu bure, msaidieni mama wa watu: kati ya hawa watatu, nani alistahili jina lake liandikwe?