Siwa Mlangoni kwa Bi Rukiya

Palikuwa na mtawala katika mji wa Kimbaa, jina lake Sultani Zahidi bin Shekuwe, mwenye akili nyingi na subira kidogo, na katika mji huo huo alikuwako mpiga siwa wake, Famau, mgane wa makamo, aliyeirithi pembe ile kubwa ya ndovu kwa baba yake na babu yake.

Kila mwaka mpya ng'ombe alizungushwa mji mzima kabla ya kuchinjwa na kuliwa, na Famau akapuliza siwa mbele ya kila nyumba, na desturi haikuruhusu msafara kuupita mlango wowote mpaka ufunguliwe na mwenye nyumba aonekane. Mlango wa kwanza kufunguka siku zote ulikuwa wa Mwana Tima, shangazi yake Sultani, aliyeufungua hata siwa haijafika mdomoni, na Famau alilijua hilo akajitia hajui.

Ikatokea Sultani akapata pete ya akiki, na ndani yake jini aitwaye Sarsari, aliyefungwa kumtumikia mwenye pete. Akaamriwa aulinde mji na moto, tauni na maadui, naye akaulinda barabara mwaka mzima. Basi Sultani akaita baraza, akasema: "Enyi waungwana, tulimzungusha ng'ombe ili balaa lisituingilie. Sasa tunaye mlinzi asiyelala wala kula nyama. Msafara umekwisha leo, na atakayepuliza siwa atafukuzwa mjini."

Famau akaitundika siwa ukutani. Moyoni alikiri kwamba Sultani ana hoja, maana jini alifanya kazi kuliko ng'ombe yeyote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwaka mpya ulipofika, jua likapanda na mji ukakaa kimya. Famau akanywa kahawa, akasimama, akakaa, akasimama tena. Mwisho akaitwaa siwa akatoka peke yake, bila ng'ombe, akijua huenda jua hilo likamchwea ugenini. Watu wakafungua milango, wengine wakicheka, wengine wakifuta machozi. Mwana Tima alikuwa kizingitini tayari.

"Nilijua utakuja," akasema, na akamfuata.

Walipofika kwa Bi Rukiya, kikongwe aliyemnyonyesha Sultani, mlango haukufunguka. Famau akapuliza mara tatu, mara saba, mpaka midomo ikavimba. Sultani akaisikia sauti ile, akaja na askari, amefura kwa hasira.

"Famau, amri yangu hukuisikia?"

"Niliisikia, Maulana, na adhabu yangu nitaipokea. Ila mlango huu haujafunguliwa, nami siwezi kuupita."

Sultani akautazama mlango, na hasira ikamtoka yote. Akaamuru uvunjwe. Bi Rukiya alikuwa sakafuni siku ya tatu, nyonga imevunjika, mtungi umekauka, lakini roho ingalimo. Sultani akapiga magoti akalia, na hakujali nani anamwona. Kisha akaisugua pete.

"Ewe Sarsari, mbona hukuniambia?"

"Uliniamuru moto, tauni na maadui, ewe bwana wangu," jini akajibu. "Kikongwe kuteleza nyumbani kwake hakumo. Wala sikupata kuona ng'ombe akizuia balaa. Niliona watu wakijuliana hali tu."

Msafara ukarudishwa. Sultani akafuta hotuba za sifa zake barazani, zilizokuwa zikichukua asubuhi nzima, na hakuna aliyezikumbuka. Famau akapewa nyumba, dhahabu, na mkono wa Mwana Tima, ambaye alikubali posa kabla mshenga hajamaliza salamu. Na funzo lake ni hili: anayetaka kuitupa desturi aiulize kwanza kazi yake, kwa maana mara nyingi kazi yenyewe si ile inayotangazwa.

Mwaka uliofuata siwa ikalia mlangoni kwa Bi Rukiya, na mlango ukabaki umefungwa. Ikalia tena. Sultani akasawijika. Mara ya tatu bibi akafungua, ameegemea mkongojo, mzima wa afya.

"Nilitaka nione kama mtasubiri," akasema.