Bwana Lugendo Ataka Masuke

Alikuwapo bibi mmoja mpangaji, Sikudhani, aliyelima mchicha wa nafaka nyuma ya nyumba ili wajukuu wapate uji. Masuke yalipokauka tu, mwenye nyumba, Bwana Lugendo, akatokea na tenga kubwa.

"Uwanja huu wangu. Nayataka masuke!"

Bibi akatabasamu. "Masuke, baba mwenye nyumba?"

"Masuke yote, usinibakizie hata moja!"

"Haya. Lakini hayataenea kwenye tenga. Ngoja nikutandikie turubai, uyapigepige kwanza yalainike."

Bwana Lugendo akashika fimbo, akapiga, akakanyaga, shati likalowa jasho.

"Bado haya magumu, baba," bibi akamwonyesha.

Akapiga tena. Kisha akayakusanya yote, akayashindilia tengani, akaenda zake akipiga mluzi.

Jioni alirudi anafoka. "Masuke gani haya? Hayana hata punje!"

Alimkuta Sikudhani anakoroga sufuria la uji, wajukuu wamemzunguka na vikombe.

"Punje zilibaki kwenye turubai, baba. Wewe ulitaka masuke. Karibu uji, maana kupura peke yangu nisingeweza."