Gari la Kupanda Mlima Kikohozi

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na leseni za udereva na sisi watu tukitembea kwa miguu, kaya tatu za bondeni zilikubaliana kununua pikapu moja. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole, sirudii maneno mimi.

Kaya ya kwanza ilikuwa ya Mzee Nyati, ya pili ya Bwana Kifaru. Hao wawili walilima mahindi. Ya tatu ilikuwa ya Mama Nguchiro, mjane mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu na wa ulimi, aliyelima nyanya. Soko lilikuwa huko juu, kwenye kilele cha mlima ulioitwa Kikohozi, kwa sababu kila gari lililoupanda lilianza kukohoa katikati ya njia.

Mahindi yanaweza kukaa ghalani. Nyanya hazikai. Msimu uliopita gari la kukodi lilishindwa kupanda, nyanya za Mama Nguchiro zikaozea njiani, na watoto wake wakabaki nyumbani bila shule. Sasa nyanya nyingine zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu shambani. Mama huyu alikuwa na hofu kwelikweli, hata usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Basi wakaenda kwenye yadi ya Kima, muuza magari. Kima akawaonyesha pikapu mbili.

"Hii ina injini kubwa ya petroli na difu ya kukimbia," akasema. "Ile pale ina injini ndogo ya dizeli na difu ya kupanda."

"Difu ndiyo nini?" akauliza Kifaru.

"Ni zile gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, huko uvunguni. Injini inatoa nguvu, difu inaipeleka kwenye matairi. Difu ya kukimbia inakupa mwendo, lakini ukiipa mlima na mzigo inachoka. Difu ya kupanda haina mbio, ila inavuta."

Nyati hakusikia hata neno moja. Alikuwa keshakaa kwenye usukani wa ile ya petroli. Akapiga stati. Vruuum! Akaenda nayo kwenye tambarare, akarudi vumbi tupu, meno yote nje.

"Hili ndilo gari," akasema. "Nimempita Duma."

"Duma alikuwa amekaa anafunga kamba za viatu," akasema Mama Nguchiro.

"Lakini si nimempita?"

"Umempita, mzee. Sasa hebu tulijaribu na mzigo, tulipandishe Kikohozi."

Kima akatikisa kichwa. "Gari la majaribio halipakiwi mzigo. Nikiona gunia moja, au hata tenga moja la nyanya, nalirudisha yadini."

"Umesikia mwenyewe," akasema Nyati. "Halafu tazama injini hii, mama. Mlima utaniambia nini mimi? Likishindwa, nitalisukuma mwenyewe mpaka sokoni, na gari la kununua utachagua wewe."

"Bwana Kifaru, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Kifaru.

"Na wewe, Kima?"

"Nimesikia, mama."

Mama Nguchiro akashika njia ya nyumbani. Na yeye hakuwa mtu wa kuuliza maswali bure.

Sasa, kule bondeni kulikuwa na desturi moja. Chombo kipya hakilipiwi mpaka wazee wamekipanda na watu wamewaona. Wanavaa vizuri, wanasimama nyuma, wanapitishwa. Na mzee akishapanda hashuki mpaka safari iishe. Kushuka njiani ni kukitia chombo nuksi, tena ni aibu kubwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Jioni ileile Mama Nguchiro akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Hodi, Bwana Kifaru. Kesho mtalipitisha gari wapi? Hapa bondeni? Mtaonwa na nani, vyura? Watu wote watakuwa sokoni."

Kifaru akafikiri, na kufikiri kwake kulichukua muda. "Kweli," akasema. "Na nina kanzu mpya."

"Basi usiifiche."

Akaenda kwa Mzee Kiboko. "Shikamoo, mzee. Wewe ndiye mkubwa wa mto huu. Gari lionwe bila wewe?"

"Marahaba," akasema Kiboko, na papo hapo akaanza kuitafuta kofia yake.

Kwa Mzee Tembo hakusema mengi. Alimwambia tu kwamba Kiboko anakwenda.

Asubuhi wote watatu wakapanda nyuma ya ile pikapu ya petroli. Springi zikalia kwiii. Kima akaja mbio mikono kichwani.

"Si nilisema hakuna mzigo?"

"Mzigo uko wapi?" akauliza Mama Nguchiro. "Hawa ni wazee wetu. Kama wewe unawaona mzigo, waambie wenyewe."

Kima akamtazama Tembo. "Safari njema, wazee," akasema.

Nyati akashika usukani, Mama Nguchiro akakaa pembeni yake. Kwenye tambarare walikwenda vizuri, wazee wakipunga mikono. Wakafika Kikohozi. Nyati akatia gia ya tatu, gari likapungua mwendo. Akatia ya pili, likatetemeka. Akatia ya kwanza. Kho, kho, kho! Likazima.

Akawasha tena, akaachia klachi, likaruka kidogo likazima. Akawasha tena. Moshi ukaanza kutoka chini.

"Harufu ya nini hiyo?" akauliza Kifaru kutoka nyuma.

"Klachi inaungua, bwana," akajibu Mama Nguchiro.

Watu waliokuwa wakienda sokoni na vikapu vyao wakasimama kutazama. Nyati akatoa kichwa dirishani. "Wazee wangu, shukeni kidogo liwe jepesi."

"Nishuke njiani?" akasema Tembo. "Mbele ya watu wote hawa? Nyati, mimi nimekukosea nini?"

Hakushuka hata mmoja.

"Wazito mno hawa," Nyati akanong'ona.

"Wazito kama nini?"

"Kama nyanya za msimu mzima."

"Basi umelijaribu na nyanya zangu," akasema Mama Nguchiro. "Asante sana, mzee."

Ndipo Nyati alipoelewa. Alikasirika, tena sana, lakini ahadi aliitoa mbele ya mashahidi, na mmoja wao alikuwa nyuma ya gari amevaa kanzu mpya. Akavua koti, akashuka, akaweka kichwa chake nyuma ya gari akaanza kusukuma. Mama Nguchiro akahamia kwenye usukani, amekalia tenga tupu ili aone njia. Huko nyuma wazee waliendelea kupunga mikono. Walipofika sokoni watu walipiga makofi, wakidhani kusukuma ni sehemu ya sherehe.

Mama Nguchiro akachagua ile ya dizeli, yenye difu ya kupanda. "Rangi chagua wewe, mzee," akamwambia Nyati, na Nyati akataka ipakwe nyekundu.

Nyanya zilipoiva wakazipakia mpaka juu. Pikapu ikaupanda Kikohozi polepole, ng'ng'ng'ng', bila kukohoa hata mara moja. Zikafika sokoni ngumu na zinang'aa, na watoto wa Mama Nguchiro wakarudi shuleni. Mama mwenyewe alipozima injini pale juu alilia kwa furaha, na hakujificha.

Nyati alikuwa amesimama kando ya gari, akiwaambia wapita njia, "Mlima huu niliujaribu mimi kabla ya wote."

"Kweli kabisa," akasema Mama Nguchiro akishusha matenga. "Kwa kichwa chako mwenyewe."

Nami hadithi yangu naiegesha hapa: gari la mizigo halichaguliwi likiwa tupu.