Chemchemi Iliyohamia kwa Sultani

Hapo zamani, kabla barabara hazijajifunza kupinda, nchi ya Mvungwe ilitawaliwa na Sultani Makwega. Mji wake ulikua upesi kama boga la masika. Nyumba zikagusana mapaja, soko likamwagika hadi makaburini. Basi Sultani akatamani barabara kuu, pana, iliyonyooka kama ufito, kutoka jumba lake hadi mpakani. Waziri Kirungu akavuta kamba ya katani moja kwa moja, nayo ikapita katikati ya chemchemi ya Lukole.

Chemchemi hiyo ndiyo mama wa mto, na mto ndio ulionywesha mpunga wa Mvungwe yote. Ikawa mawe yanarundikwa kando yake ili izibwe.

Palikuwa na mfinyanzi fukara aitwaye Mashavu. Mali yake ilikuwa chungu chenye ufa, na mtoto mchanga mgongoni. Watu walimwita mpumbavu, maana alizoea kuwaamkia kuku. Siku hiyo akaenda barazani, akapiga magoti.

"Maulana, ukiiziba chemchemi, mto utakufa, na mpunga utaufuata, nasi tutaufuata mpunga."

"Ewe mwanamke," akasema Sultani, "barabara yangu haimpishi mtu. Ukiipenda sana chemchemi hiyo, ihamishe wewe! Ijumaa nikiikuta njiani, naijaza mawe, na wewe nakufukuza nchini."

"Niihamishe, maulana? Kwa desturi ya Mvungwe?"

"Kwa desturi yoyote uitakayo!"

Waziri Kirungu akacheka hata kilemba kikamteremkia puani.

Na desturi ya Mvungwe ilikuwa hivi: anayetaka jirani yake ahame, hupokea kwanza nyumbani mwake vyombo na jamaa wote wa jirani huyo. Kisha huenda mwenyewe kumshika mkono jirani mwenyewe na kumvusha kizingiti. Asiyeshikwa mkono hajahama, na nyumba yake haiguswi. Sultani aliiapia desturi hiyo siku aliyotawazwa.

Ijumaa ilipofika, ngoma zikarindima. Sultani akachungulia dirishani, akaona mji mzima unakuja, Mashavu mbele.

"Hodi! Hodi kwa Sultani! Tumeleta vyombo vya mgeni wako!"

Kabla hajajibu, wanawake wakaingia na mitungi ya maji, wanaume na nyungo za matope, wazee na matete yenye mizizi, watoto na vikapu vya vyura. Vyote vikamwagwa ukumbini, juu ya mazulia.

"Vyura hawa ni wanawe," Mashavu akatambulisha kwa adabu. "Kambare ni mashemeji. Kaa ni wakwe, usiwape kidole. Na kobe huyu ni babu yao, hapendi kelele. Mpe chumba chako, maulana."

Basi ikawa kizaazaa! Chura mmoja akakalia kiti cha enzi, mwingine akajitia ndani ya kilemba cha Waziri.

"Maulana!" Waziri akalia. "Kichwa changu kinakoroma!"

"Watoeni!" Sultani akanguruma, huku akiteleza.

"Lahaula!" akasema Mashavu. "Uwatoe wageni wako? Na kile kiapo?"

Sultani akanywea. Kisha akasema, "Vema. Vyombo vimefika. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kwake, maulana. Anakungoja umshike mkono."

"Nitamshika! Akishavuka tu, mawe yanaingia!"

Wakaenda wote Lukole, ngoma zikiwatangulia. Mashavu akamfunga mwanawe vizuri zaidi mgongoni, maana kama Sultani angefaulu, usiku huo wangelala nje ya mpaka. Sultani akainama pale maji yalipobubujika, akafumba ngumi.

"Nimemshika!"

Akafumbua. Hamna kitu.

Akajaribu kwa mikono miwili. Akaingia hadi magotini, kisha hadi kiunoni, akikumbatia maji kama anayefukuza kuku jikoni. "Njoo hapa! Simama! Nakuamuru!" Waziri akamshika joho asizame, na joho likateleza, nao wakaanguka pamoja, chubwi!



Sultani akaibuka, tete moja likisimama kichwani kama unyoya. Maji baridi, matamu, yalikuwa yamemjaa mdomoni. Akayameza, akayateka tena kwa kiganja, akanywa. Ndipo mtoto wa Mashavu alipoangua kicheko. Sultani akamtazama, midomo ikamtetemeka, naye akacheka hata akaketi tena majini.

"Mashavu wee! Mgeni wangu amekataa mkono."

"Basi hajahama, maulana."

"Na barabara yangu je?"

"Kamba ya Waziri ni katani tu. Katani hupinda."

Sultani akaidai kamba, na kwa mikono yake mwenyewe akaizungusha mbali na chemchemi, mbali na matete, mbali na mpunga. Kisha akamfanya Mashavu mlinzi wa mto wote, yeye na kizazi chake, na kwa mawe yale akajengewa nyumba.

Jioni ile vyura, kambare na kaa wakarudishwa kwao kwa ngoma ileile. Babu kobe peke yake alikataa katakata kutoka chumbani mwa Sultani. Naye hakuna aliyemshika mkono. Basi Sultani Makwega akahamia barazani, na huko ndiko alikolala mpaka uzee wake.