Jicho la Nahodha

Chumba alichopewa binti mmoja kazini kilikuwa stoo. Palikuwa na mipira iliyopungua upepo, koni za mazoezi, mafurushi ya jezi kuukuu, na katikati ya vyote hivyo meza moja yenye kompyuta. Hapo ndipo alipokaa binti huyo tangu alipohitimu shahada ya sayansi ya michezo na kuajiriwa na klabu ya daraja la pili kuwa mchambuzi wa mechi. Siku ya mechi alipanda na kamera yake juu ya paa la jukwaa, akapigwa na upepo peke yake hadi kipenga cha mwisho. Siku zilizofuata alikata picha za video vipande vipande, akahesabu kila pasi na kila mpira uliopotea, kisha akampelekea kocha. Kocha alipokea kwa kuitikia kwa kichwa. Kama aliitazama kazi hiyo au aliitupa kapuni, hakuna aliyemwambia.

Wachezaji walimbandika jina la Darubini, na urafiki wao ukaishia kwenye jina hilo. Nahodha pekee, beki wa kati aliyekwisha kula chumvi nyingi uwanjani, ndiye aliyesimama mlangoni pa stoo kila asubuhi na kumuuliza, "Mdogo wangu, juzi ulituonaje?" Siku nyingine hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya kwanza na ya mwisho kumsemesha.

Kila Jumapili mama yake alipiga simu.

"Mwanangu, jana nilikodoa macho kwenye runinga, sikukuona."

"Nilikuwa kwenye benchi, mama, nyuma ya kocha. Kamera hazifiki pale."

"Na wenzako hawajambo?"

"Hawajambo. Tunaishi kama ndugu."

Simu ikikatika, chumba chake cha kupanga kilirudi kuwa kimya kama maji ya mtungi.

Zilipobaki mechi sita, timu ilikuwa maji ya shingo, inanusa kushuka daraja. Mabao yalikuwa yakiingia upande mmoja tu, kulia. Kocha akamtwisha beki wa kulia zigo lote la lawama na kumweka nje. Mabao hayakukoma. Darubini akaketi na picha za mechi kumi. Mipira ya juu iliyotoka kushoto, nahodha aliipiga kichwa karibu yote. Iliyotoka kulia, aliikosa zaidi ya nusu, tena aligeuza shingo nzima kuitafuta, kama mtu achunguliaye dirishani. Akarudi kwenye picha za msimu uliopita. Tofauti hiyo haikuwapo.

Asubuhi nahodha aliposimama mlangoni, Darubini alimwomba aingie.

"Kaka, jicho lako la kulia lina nini?"

Nahodha alifunga mlango. Alikaa juu ya furushi la jezi.

"Nilipigwa kiwiko mwanzoni mwa msimu," alisema. "Tangu hapo naona ukungu, na kila mwezi unazidi. Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Basi liishie hapa. Nikienda kwa daktari, mpira wangu umekwisha. Nisitiri, mdogo wangu."

Alikubali. Alikubali kwa sababu alimwonea nahodha huruma, na pia, ingawa hakutaka kujiambia, kwa sababu akimpoteza huyu hatabaki na wa kumsalimia. Lakini Jumapili, mama alipouliza habari za kazi, alijisikia akijibu, "Tunaishi kama ndugu." Akayaona mawili hayo, uongo wake na ukungu anaouficha nahodha, kuwa ni watoto wa mama mmoja.

Jumatatu alipiga moyo konde. "Kaka, siwezi. Mwenzako amewekwa nje kwa kosa lisilo lake, na wewe unapofuka. Mwambie daktari wa timu mwenyewe. Nitakwenda nawe. Ikifika Ijumaa hujasema, nitasema mimi."

Nahodha alimtazama kwa jicho lake zima. "Kumbe nilipokuwa nikikusalimia, ulikuwa ukinipeleleza."

Siku tatu alipita mlangoni bila kugeuza shingo. Darubini alikuwa amezoea upweke, lakini huu ulikuwa mwingine. Huu aliuchagua mwenyewe. Alhamisi mchana mlango ukafunguliwa. Nahodha alikuwa amevaa nguo za nyumbani.

"Twende," alisema.

Daktari wa timu aliwapeleka siku hiyo hiyo kwa daktari wa macho, naye hakuzunguka mbuyu. Kile kiwiko kilikuwa kimezaa mtoto wa jicho, na presha ya jicho ilikuwa imeanza kupanda. "Ungengoja msimu uishe," alisema, "ningekuwa nakupa pole, si tiba." Wiki ile ile nahodha akafanyiwa upasuaji. Wiki kadhaa baadaye alisoma herufi ndogo za mwisho ukutani, na daktari akamruhusu kucheza msimu ujao.

Nahodha alimweleza kocha kila kitu, na nani aliyegundua. Beki wa kulia alirudishwa, na timu ikaponea chupuchupu. Siku moja kocha akaingia stoo kwa mara ya kwanza, akageuza ndoo akaikalia. "Nionyeshe ulivyoona," alisema. Alikaa saa mbili. Alipoinuka, aliagiza kompyuta ihamishiwe chumba cha mikutano.

Jumapili iliyofuata, kabla mama hajauliza, binti alisema, "Mama, sijawahi kukaa kwenye benchi. Nakaa juu ya paa, peke yangu. Wala hatuishi kama ndugu."

"Najua," mama alijibu taratibu. "Mwaka mzima hukunisimulia hata mtu mmoja aliyekuchekesha. Nilikuwa nangoja uniambie, nipate pa kuanzia. Kesho kutwa nakuja, tukae wote wiki mbili."

Binti alilia, na kwa mara ya kwanza hakukificha kilio chake simuni. Waliosema hawakukosea: mficha uchi hazai.