Mwatime na Pipa la Visu

Paukwa!

Pakawa!

Sogezeni miguu motoni. Anayetaka kusinzia aende kwao, maana hii si ngano ya kubembelezea mtoto.

Hapo zamani za kale, ndani ya chemchemi inayotokota, palikuwa na mji mdogo kuliko punje ya mtama. Wakazi wake walikuwa kamba za shanga, kila mmoja amekunjwa kwa kazi yake. Aliyekunjwa kama kata alichota maji. Aliyekunjwa kama komeo alilinda lango. Chakula chao kilikuwa makaa ya moto, na nguvu zao zilitoka humo.

Katikati ya mji palikuwa na pipa, na ndani ya pipa visu. Aliyepotolewa na joto alipelekwa hapo, kwa sababu mkunjo ukiharibika hunasa jirani, na jirani hunasa jirani. Mlango wa pipa ulikuwa mwembamba kama tundu la sindano, ili visu visile wazima. Mlangoni alikaa Mwatime, mfumuaji. Alishika mkia wa kamba, akautia tunduni, akavuta. Fundo moja kufumuka, kaa moja jikoni kuzimika. Visu vilikata, shanga zikatokea upande wa pili, zikatungwa wakazi wapya.

Siku moja chemchemi ikafoka. Maji yakapindua jiko la mji, yakabaki makaa matatu tu. Shamte, mlinzi wa lango, ndugu yake Mwatime wa tumbo moja, akapotoka vibaya. Alikuwa na mafundo matatu, na majirani wawili walikwisha nasa ubavuni pake. Chemchemi ikifoka tena kabla hajafumuliwa, mji mzima utakuwa bonge moja.

Mwatime akamshika ndugu yake mkono, kama walivyosalimiana kila asubuhi, akavuta. Fundo likazidi kukazika. Kaa la kwanza likazimika bure.

"Dada, leo hatusalimiani," Shamte akasema. "Niachie mkono. Shika mkia."

Akashika mkia. Vuta, Mwatime, vuta. Fundo la kwanza likalegea, kaa la pili likazimika. Vuta, Mwatime, vuta. Fundo la pili likalegea, kaa la tatu likazimika. Vuta, Mwatime, vuta. Fundo la tatu halikutikisika.

Chini maji yakaanza kunguruma. Visu vikanong'ona, "Mwatime, panua mlango kidogo. Tutammaliza wenyewe, bila makaa."

Mkono wa Mwatime ukaenda mlangoni. Mimi ninayewasimulia nisingemlaumu.

"Usipanue," Shamte akasema. "Nimelinda lango maisha yangu yote. Visu vikitoka, nani atavirudisha?"

Mwatime akatema kaa lililokuwa chini ya ulimi wake, chakula chake cha siku, akalitia jikoni. Vuta, Mwatime, vuta. Fundo likaachia. Shamte akapita tunduni, shanga kwa shanga, na majirani wawili wakaanguka chini, huru, kabla maji hayajafoka. Mwatime akalia kwa njaa na kwa msiba.

Siku ya tatu, langoni alisimama mlinzi mpya, aliyetungwa kwa shanga zilizotoka pipani. Mwatime akamtazama mgongo, akamtazama mabega, akamtazama mikunjo.

"Mama, mbona unanikagua hivyo?"

"Natazama kama umekunjwa sawasawa."

"Nimekunjwa sawasawa?"

"Sawasawa," Mwatime akasema. "Basi nipe mkono."

Hadithi yangu nimeifumua mpaka hapo. Shanga zake okoteni, mkatunge yenu.